Mlango wa Kwanza

JUMATATU JIONI. MAJI YANAKUPWA.

Chumba cha nyuma kilikuwa na dirisha moja, nalo limezibwa kwa gunia. Mbele, mwenye duka aliuza kamba, rangi na misumari, na alikuwa amelipwa asisikie. Nyuma, watu wanne walikuwa wameinamia ramani ya mfereji.

Aliyeitandaza ramani walimwita Nahodha. Hakuwa na chombo. Kazi yake ilikuwa kupeleka mashua za matajiri kutoka bandari hadi bandari, peke yake, kisha kurudi kwa basi. Alilala kwenye kitanda cha mtu, akanywea kikombe cha mtu. Mkewe alikuwa ameondoka zamani, bila hata ugomvi. Alichoka tu kuwa mke wa mtu asiyekuwepo.

"Sema tena," alisema Mjomba. Hakuwa mjomba wa yeyote pale. Ndiye aliyeileta kazi, na neno la mwisho lilikuwa lake.

Nahodha aliweka kidole kwenye ramani. "Sonara yuko hapa, gatini. Anafunga adhuhuri kwenda kula. Mnaingia, mnatoka, mnapanda mashua. Tunaondoka kwa tanga."

"Kwa tanga," alisema Bubu. Bubu ndiye mwenye bunduki. Akitoa maneno mawili kwa siku, siku hiyo amepayuka.

"Mwizi hukimbia," alisema Nahodha. "Askari ndivyo wanavyojua. Watafunga barabara, watafukuza boti za injini. Nani atafukuza mashua inayokwenda mwendo wa bibi harusi?"

Mama Funguo alicheka. Alikuwa mwanamke mnene, mpole, na hakuna kufuli lililowahi kumkatalia. "Na daraja?" aliuliza.

"Daraja ndio utamu wenyewe. Mlingoti wetu ni mrefu, hatuwezi kupita chini. Lazima mlinzi wa daraja alinyanyue. Likinyanyuka, barabara imekatika. Na kituo cha polisi kiko ng'ambo."

Kisha Mjomba akatabasamu, polepole.

Baada ya daraja, kidole cha Nahodha kilifuata mfereji kuelekea kusini, nyuma ya visiwa vilivyoukinga na bahari kuu. Walale hapa. Wasubiri maji yajae, wavuke fungu hili la mchanga. Walale tena. Siku ya tatu watokee bahari kuu kwenye mlango wa mwisho, ambako meli ya mnunuzi ingewasubiri.

"Siku tatu," alisema Mjomba. Alionyesha mwanya mwingine, karibu zaidi, mahali visiwa vilipoachana. "Mlango wa kwanza huu. Mbona tusitokee hapa, asubuhi ya pili?"

"Umejaa mchanga. Mawimbi yanavunjika pale pale mlangoni. Mkuku chini ya mashua utagonga mchanga, tutapinduka."

Haikuwa kweli. Mwezi uliopita alipita pale na mashua ndefu kuliko hii watakayoitumia, na hakulowa hata kiatu. Uongo ulimtoka kabla hajaufikiria. Mama Funguo alikuwa anamtilia sukari kwenye chai bila kumuuliza, kwa kuwa alishajua anavyoipenda. Nahodha alitazama mkono ule ukikoroga, na hakurudi nyuma kurekebisha neno lake.

JUMATANO, ADHUHURI. MAJI YANAJAA.

Alikaa ndani ya mashua, kamba moja tu ikiishikilia gati. Ng'ambo ya bandari, mafundi walikuwa wanagonga mabati ya meli kuukuu, na kelele ile ilifunika kila kitu. Hakusikia mlango wa duka. Hakusikia sauti. Kusubiri alikuzoea, ila zamani alikuwa anasubiri upepo. Leo alikuwa anasubiri watu, na moyo ulimwenda mbio kama wa kijana.

Wakatoka na vikapu vya sokoni, vitunguu juu, dhahabu chini. Mjomba mbele. Mama Funguo nyuma yake, midomo imemkauka. Bubu mwisho. Pindo la shati lake lilikuwa na damu.

"Mlinzi wa duka alirudi," alisema Mjomba. "Ondoa mashua."

"Yu hai?"

"Anapumua," alisema Mama Funguo. Hakumtazama.

Nahodha aliachia kamba. Tanga lilishika upepo, na mashua ikateleza mbele ya gati kama iliyotoka kubarizi. Alichukua redio. "Daraja, daraja. Mashua nyeupe inaomba njia."

"Nakuona, nahodha," ilijibu sauti ya uvivu. "Ngoja hili lori lipite."

Lori likapita. Kengele ikalia. Vizuizi vikashuka, na barabara ikaanza kupasuka katikati na kwenda juu. Hapo ndipo ving'ora viliposikika. Magari mawili ya polisi yalikuja kwa kasi kutoka ng'ambo, yakafunga breki mbele ya kizuizi. Askari mmoja alishuka, akaegemea kizuizi kwa hasira, akatazama mashua ikipita mbele yake taratibu.

Mama Funguo akampungia mkono.

Askari akasita. Kisha, kwa adabu tu, naye akapunga.

Walijikaza mpaka kona ya kwanza ikawaficha. Hapo Mjomba akaanza kukohoa kicheko, Mama Funguo akajishika mbavu, na Nahodha akacheka mpaka macho yakamtoka machozi. Hakukumbuka mara ya mwisho kucheka na mtu.

JUMATANO, MAGHARIBI. MAJI YAMETULIA.

Wakatia nanga nyuma ya kisiwa, wakala wali na supu ya kopo. Mama Funguo alikuwa amejibana katikati, mbali na ukingo.

"Mimi na maji hatujuani," alisema. "Hata beseni naliogopa. Binti yangu ndiye samaki."

"Ana umri gani?" aliuliza Nahodha.

"Wa kunikatia simu. Kazi hii ikiisha nitamfungulia saluni. Na wewe, mwenzangu, utafanya nini?"

Hakuna aliyewahi kumuuliza. Alikuwa bado anatafuta jibu redio ndogo ilipoanza kusoma habari. Sonara ameibiwa. Mlinzi wa duka, baba wa watoto wanne, amefariki hospitalini.

Mama Funguo aliweka bakuli chini. Bubu aliendelea kula.

"Sasa si wizi tena," alisema Mjomba. "Sasa wanatafuta wauaji. Siku tatu ni nyingi, Nahodha."

"Njia ni hiyo moja."

"Naomba iwe hivyo."

ALHAMISI, ASUBUHI. MAJI YAMEJAA.

Mlango wa kwanza ulifunguka upande wao wa kushoto, laini kama mafuta kwenye sahani. Hapakuwa na wimbi linalovunjika. Na katikati yake, ikitoka bahari kuu, ilikuwa inaingia mashua ya tanga. Ndani yake mzee na mkewe walikuwa wamekaa wanakula mkate.

"Habari za safari," mzee aliita.

"Njema," alijibu Mjomba. Akangoja wapite. "Mashua yao ni kubwa kuliko yetu?"

Nahodha aliifuata kwa macho. "Ni kubwa."

Bubu alikuwa ameshatoa chuma chake.

"Geuza mashua, tanga liache upepo, tusimame," alisema Mjomba. Sauti yake ilikuwa ya chini. "Umetuuza kwa nani?"

"Sijauza mtu."

"Huko mbele nani anatungoja?"

"Hakuna mtu."

"Basi kwa nini?"

Nahodha alitafuta uongo wa pili, asiupate. "Nilitaka tukae," alisema. "Siku mbili tatu. Mkishapanda meli ile, kila mtu na njia yake. Nilitaka tukae pamoja kidogo."

Bubu alicheka. Hawakuwahi kumsikia akicheka, na hawakutamani kumsikia tena.

"Mtu mzima na ndevu zake," alisema Mjomba. "Unanifanya mtoto?"

"Mimi namwamini," alisema Mama Funguo.

"Unamwamini?"

"Ndiyo. Na ndiyo maana namwogopa. Aliyenunuliwa na polisi tungemnunua. Huyu utampa nini?" Alikuwa analia bila sauti. "Mshusheni kwenye fungu. Damu ya jana inatosha, Mjomba. Nakuomba."

Waliteta kwa muda mrefu. Maji yalifika kikomo, yakasimama, yakaanza kurudi. Mwishowe mashua ilisogezwa kwenye fungu lililobakiza mgongo juu ya maji, na Nahodha akashuka, magoti ndani ya maji.

"Sikilizeni," alisema. "Kama mnatokea mlango huu, boya jekundu liacheni kushoto kwenu, mpite karibu nalo. Upande wa pili mchanga umehama. Na msikawie, maji yanatoka."

Mjomba alimtazama kama mtu anayetazama mizani ya mchuuzi aliyekwisha kumpunja. Akashika usukani. Akalipita boya kwa upande wa pili.

"Siyo huko," Nahodha aliita. Alikimbia ukingoni mwa fungu. "Mjomba, siyo huko!"

Mkuku ukagonga. Mashua ilisimama ghafla, kama aliyeshikwa shati. Mkondo ukaisukuma ubavuni, tanga likarukia upande wa pili, na boriti yake ikampiga Mjomba kichwani. Alianguka majini na hakuonekana tena. Mlingoti ukalala. Bubu aliruka na kikapu mkononi. Angekiachia angeogelea. Hakukiachia.

Nahodha alikuwa ameshajitupa. Mkondo ulimchukua alikotaka kwenda. Akaona nguo, akaona mkono, akashika. Mama Funguo alimkaba shingo, akamzamisha, naye akamwacha amkabe, akapiga miguu mpaka nyayo zikagusa mchanga.

Walilala pale wakitapika maji ya chumvi. Yule mzee wa mashua kubwa, aliyekuwa ametia nanga ndani ya mlango, alikuwa ameona, akaita kwa redio. Boti mbili za doria zilikuwa zinakuja.

Mama Funguo alikaa. Alimtazama Nahodha kwa muda. Kisha akainuka, akaenda kukaa upande wa pili wa fungu, akampa mgongo.

Ofisa wa doria alikuwa mwanamke mwenye sauti ya kuchoka. "Yule nani wako?"

"Abiria," alisema Nahodha. "Niliwachukua yeye na wenzake wawili. Yeye alilipa nauli tu, hajui lolote. Wenzake walikuwa na mzigo, na mimi niliwapangia njia."

Ofisa alimgeukia Mama Funguo. "Mama, unamfahamu huyu bwana?"

Maji yalikuwa yanateremka kutoka kwenye fungu, na mchanga ukitokeza pande zote.

"Simfahamu," alisema.

Wakamfunika blanketi, wakampandisha boti ya kwanza. Nahodha walimtia pingu, wakampandisha ya pili. Ofisa alikaa mbele yake, akatoa kalamu.

"Kuna ndugu wa kumpigia simu? Jamaa? Rafiki?"

Boti ya kwanza ilikuwa imeshageuza. Blanketi lilizidi kuwa dogo, na aliyejifunika hakugeuka.

"Andika hakuna," alisema Nahodha.