Madaftari ya Prefe Jérôme

TANGAZO. Uongozi wa shule unawajulisha walimu, wanafunzi na wazazi wote kwamba, kuanzia Jumatatu, viti vinane vya chumba cha walimu vitavikwa vitambaa vya buluu. Ni marufuku kuvikalia kwa nguo iliyolowa mvua.

Tangazo hilo lilibandikwa kwenye mlango wa shule moja ya uuguzi hapa Bunia, mtaani Ngezi, asubuhi tulivu ya mwanzo wa mwaka wa masomo. Wanafunzi tisini na wanne walilisoma kwa adabu. Lilisahau jambo moja tu, ndugu zangu: viti vilikuwa vinane, na mwalimu wa uuguzi alikuwa mmoja.

Mwalimu huyo aliitwa Mama Geneviève. Kila mwanafunzi alikuwa na daftari la staji, yaani mafunzo ya vitendo hospitalini, ambamo kila kazi ya mikono iliandikwa: kuosha kidonda, kuchoma sindano, kutia serumu, yale maji ya dawa ya chupa, mshipani. Mwalimu alitia sahihi baada ya kumwona mwanafunzi akiifanya kazi hiyo mara tatu, mbele ya macho yake. Mama Geneviève hakuwahi kutia sahihi baada ya mara mbili.

Jumatatu ilipofika, katika chumba cha walimu, alimwendea mkuu wa shule, Jérôme, ambaye wote humwita Prefe.

“Prefe, banafunzi ni tisini na ine, na miye niko mumoja. Katsuva iko pale Kilo, alisomea ualimu, anaomba kazi tangu mwaka jana. Mumuite.”

“Mama, kufundisha kutandika kitanda inaomba walimu wawili? Hata kasuku inaweza kufundisha ile.”

Wanafunzi waliosimama nje walicheka. Prefe alipenda kuchekewa, akaongeza: “Kama umechoka, mulango iko wazi.”

“Umesema mulango?”

“Mulango, mama. Ile tulipaka rangi.”

Geneviève alivua koti lake jeupe, akalikunja, akaliweka juu ya kiti cha buluu. “Siku utagonjwa,” alisema, “uite kasuku yako.”

Katsuva hakuitwa. Mwaka ulipokaribia kwisha, madaftari yalikuwa matupu, na bila madaftari hakuna mtihani wa dola, ule wa serikali. Jumamosi moja Prefe aliyakusanya yote sebuleni kwake, akayatia sahihi kuanzia saa nane hadi saa kumi na moja. Binti yake Débora, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, alikuwa akimmiminia chai alipoliona daftari lake mwenyewe.

“Papa, kutia serumu sijafanya hata mara moja.”

“Utajifunzia ku kazi, mama. Bagonjwa hawakosekane.”

Wakati huo Geneviève alikuwa amekwisha kupata kazi ya kusimamia wodi katika hospitali moja ya mji. Huko ndiko Débora alikopelekwa kwa staji yake ya mwisho. Geneviève alilisoma daftari ukurasa kwa ukurasa. Mwalimu mwema angelifunga na kuanza upya, kuanzia kunawa mikono. Ningependa kuwaambia kwamba ndivyo alivyofanya. Alilitia katika droo, akamtuma msichana kubeba maji na mashuka.

“Mama Geneviève, munifundishe. Miye sijui,” Débora alimwomba siku ya pili.

“Karne yako, hii daftari, inasema unajua. Weye ni nani, ubishe sahihi ya papa yako?”

Wiki ya tatu, malaria kali ilimwangusha Prefe. Mkewe Sylvie alimleta kwa pikipiki, akimshika kwa nyuma asidondoke. Daktari aliagiza kwinini katika serumu. Geneviève alichukua sinia ya sindano, akaiweka mikononi mwa Débora.

“Hapana, si ye,” alisema Prefe. “Ufanye weye mwenyewe.”

“Ju ya nini? Mwanafunzi wa shule yako.” Geneviève alifungua daftari mbele ya uso wa Prefe, akasoma kwa sauti ya kufikia kila kitanda: “Kutia serumu, mara tatu, muzuri sana. Sahihi hii ni ya nani? Kama ni ya uongo, useme tu. Nitafanya miye, sasa ivi.”

Vitanda viwili vya jirani vilikuwa na wazazi wa wanafunzi. Walikuwa wamenyanyua vichwa. Prefe aliwatazama, kisha akanyoosha mkono wake wa kulia.

“Afanye.”

Débora alichoma mara nne bila kuupata mshipa. Mara ya tano aliona damu kidogo, akadhani amefika, akabandika plasta. Dawa ilikuwa ikiingia katika nyama.

“Papa Débora, mukono inavimba!” alilia Sylvie.

“Iko sawa.”

“Haiko sawa! Mama Geneviève, kuya uone!”

Geneviève alisimama dirishani, amekunja mikono. Prefe aliuma shuka na hakulia, kwa kuwa kulia kulikuwa kukiri. Chupa ilipofika nusu ndipo Geneviève alipokuja, akang'oa sindano, akaweka nyingine katika mkono wa kushoto kwa jaribio moja.

Malaria ilipona. Ngozi ya mkono wa kulia ilikufa, ikaondolewa, na vidole vikajikunja visikunjuke tena. Débora yuko kwa nyanya yake huko Gety. Hataki kushika hata sindano ya kushonea. Nilipomuuliza Geneviève kama ameridhika, alijibu: “Nililipiza. Lakini kwa ile staji yote, ule mutoto peke yake ndiye aliniomba nimufundishe.”

FUNZO

Anayemfukuza mwalimu wa wauguzi anajiandalia muuguzi asiyejua, na hatachagua siku ya kukutana naye. Sahihi haimfundishi mtu. Naye mwenye ujuzi anayekunja mikono ili adui yake aumie, amemnyima ujuzi huo mtoto asiye na kosa, na hatia yake ni sawa na ya adui huyo. Tafuteni walimu, muwatunze, muwasikilize wakisema wamebaki peke yao.

Kamati ya shule ilikutana mwezi uliofuata, na kwa mara ya kwanza viti vyote vinane vilikaliwa. Barua ya Katsuva ya kuomba kazi haikusomwa. Iliamuliwa kwamba, kuanzia mwaka ujao, kila ukurasa wa daftari la staji utatiwa sahihi mbili badala ya moja. Prefe aliidhinisha uamuzi huo kwa kidole gumba cha kushoto.