Alishuka

Maiti ya Hilario Medrano ililala kifudifudi kando ya pampu ya gesi, kiatu kimoja kimemtoka. Teksi yake haikuwa na nyuma tena. Mtungi wa gesi ya kuendeshea gari uliokuwa kwenye buti ulikuwa umepasuka kama tikiti.

Inspekta Norma Ledesma aliinama, magoti yakamlalamikia. Joto la Februari mjini Rosario lilikuwa limemnyima usingizi.

"Gari likijazwa gesi kila mtu hushuka," alimwambia mhudumu wa pampu. "Hata watoto wanajua. Huyu vipi?"

"Alishuka, afande. Akasimama mbali. Ila abiria wake, bibi mwenye miguu mibovu, alikuwa bado anahangaika mlangoni, na mimi nilishachomeka mpira wa gesi." Mhudumu alitazama chini. "Akarudi kumtoa. Alipomsukuma tu nje, mtungi ukapasuka."

Bibi alikuwa hospitalini, hai.

Mtaalamu wa maabara alimnyooshea kipande cha chuma. "Juu rangi mpya, chini kutu. Mtungi huu ulishakataliwa kwenye kipimo cha shinikizo. Ulitakiwa utobolewe usitumike tena. Gesi haikumuua mtu hapa, Inspekta. Kutu ndiyo imeua."

Stika ya ukaguzi kwenye kioo ilitoka gereji ya Anselmo Bustos, fundi wa kubadili magari ya petroli yatumie gesi na kaka wa mke wa marehemu.

Anselmo alikuwa akinywa chai ya kienyeji kwenye kibuyu. "Karibu, Inspekta. Hata polisi petroli imewashinda?"

"Nimeleta habari mbaya. Shemeji yako Hilario amefariki leo asubuhi."

Anselmo aliweka kibuyu chini. "Hakushuka?"

Ledesma alivuta kigoda, akaketi taratibu. Hakufurahi. Siku hizi hakufurahi hata akipatia.

"Watu hufa kwa moyo, kwa risasi, kwa kugongwa," alisema. "Sikutaja pampu. Wewe umeuliza kama alishuka."

Anselmo alikwenda kufunga mlango wa gereji, akarudi.

"Mtungi mpya asingemudu bei yake," alisema hatimaye. "Akirudi kwenye petroli, teksi ingekula kila anachopata, na dada yangu angerudi kufua nguo za watu. Gesi ndiyo iliyowalisha. Nikaupaka rangi ule uliokataliwa, nikamfungia. Mitungi mibovu nimeiona ikidumu miaka, Inspekta. Nikamwambia, usimame mbali, kila mara. Akawa ananicheka, eti namsumbua kuliko mama mkwe wake."

"Alijua ni mbovu?"

"Hapana." Alijifuta uso kwa kitambaa cha grisi. "Basi niambie. Nilimwambia kila siku. Kwa nini hakushuka?"

Ledesma alitamani mtu mwingine aseme.

"Alishuka. Akarudi kumtoa abiria. Alikuwa anampeleka kliniki."

"Abiria gani?"

Pingu alikuwa ameshazitoa. Akazirudisha mfukoni kwanza.

"Mama yako, Anselmo. Ni mzima. Tangu azinduke anakuulizia wewe, uende ukamsaidie kumzika mkwewe."