Kadi ya Denny Sabo

Kila Jumapili, kabla ya saa kumi na mbili asubuhi, Marnie Sabo alikuwa ameshavaa viatu. Alikaa kwenye ngazi ya mbele ya nyumba yao mjini Struthers, tochi mkononi, mkate wa siagi ya karanga mfukoni, akisubiri gari la Anko Walt. Mama yake, Theresa, naye alikuwa akijiandaa kwenda kazini kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Maneno yake ya Jumapili yalikuwa yale yale.

"Umevaa sweta?"

"Nimevaa, Mama."

"Usile soseji za pale gulioni. Yale mafuta sijui huwa wanayabadilisha lini. Na usitoke machoni pa anko wako."

"Sawa, Mama."

"Na ukiona mtu..."

"Mama, gari limefika!"

Gulio la vitu kuukuu lilifanyika kwenye uwanja mpana ambako zamani watu walitazama sinema wakiwa ndani ya magari yao. Anko Walt alikuwa na meza yake ya nyundo, misumeno na bisibisi zilizotumika. Marnie, mwenye umri wa miaka kumi na miwili, hakuwa na haja na nyundo. Alitafuta kadi za wachezaji wa besiboli, zile ndogo zenye picha mbele na maelezo nyuma. Alizitafuta pamoja na binamu yake Duane, mtoto wa Anko Walt, aliyekuwa na miaka kumi na minne na aliyejiona profesa wa kadi.

Duane alitafuta kadi za wachezaji maarufu ili awauzie wenzake shuleni kwa faida. Marnie alitafuta kadi moja tu. Baba yake, Denny Sabo, alipokuwa na miaka kumi na tisa alicheza msimu mmoja katika timu ndogo iliyoitwa Wachomeleaji. Alikuwa mrushaji, yule anayemrushia mpira mpigaji. Mwaka huo timu ilichapisha kadi za wachezaji wake wote, chache tu, ikazigawa kwa watazamaji. Denny alizigawa zake kwa watoto waliomzunguka langoni, akiamini kadi nyingine zingefuata. Hazikufuata. Bega liliumia, akaenda kufanya kazi kiwandani, akaoa, akampata Marnie. Marnie alipokuwa na miaka minne, moyo wa Denny ulisimama ghafla akiwa kazini. Kadi moja iliyokuwa imebaki, Theresa aliitia kwenye mfuko wa koti alilozikwa nalo.

Marnie aliikumbuka harufu ya koti la kazini la baba yake na sauti ya funguo zake mlangoni. Uso wake aliujua kwa picha za harusi tu, na katika picha hizo alikuwa amejikaza kama mtu aliye kwa daktari wa meno. Alipomuuliza mama yake habari za baba, mama alijibu, "Kula, chakula kitapoa." Basi kwa miaka miwili Marnie alipekua maboksi kila Jumapili, kadi baada ya kadi, mpaka ncha za vidole zikawa nyeusi kwa vumbi.

Duane alikuwa amemfundisha sheria za gulioni. "Ukipata unachokitaka, usicheke, usishtuke. Wewe uso wako ni kama gazeti, kila mtu anausoma! Muulize muuzaji bei ya kadi nyingine kwanza, ajue huna shida. Na kama pesa haitoshi, unaizika."

"Kuizika ndiyo nini?"

"Unaiingiza kwenye boksi jingine, katikati ya takataka, ambako hakuna atakayeiona. Halafu unarudi baadaye. Kila mtu anafanya hivyo."

Jumapili moja ya mwezi wa Mei walifika kwenye meza ya Mzee Pruitt, muuzaji mnene aliyevaa suruali yenye mikanda ya mabegani, aliyekunywa kahawa kwenye kifuniko cha chupa ya chai. Mzee Pruitt alipanga bei kwa maboksi. Juu ya meza palikuwa na boksi la kadi za timu ndogo, kila moja dola tano. Chini ya meza palikuwa na boksi kubwa la kadi zisizo na thamani, kila moja senti ishirini na tano.

Marnie alianza na lile la juu. Aligeuza kadi tano, kumi, ishirini. Halafu mkono wake ukasimama.

Kijana mmoja alikuwa anamtazama. Kofia imekaa upande kidogo, jicho moja amelifumba kwa sababu ya jua, anacheka kama mtu aliyeitwa jina lake na rafiki. Masikio yalikuwa makubwa. Marnie aliyajua masikio hayo. Kila asubuhi aliyafunika ya kwake kwa nywele yasionekane. Chini ya picha paliandikwa: Denny Sabo.

"Umepata kitu, binti?" aliuliza Mzee Pruitt.

Marnie aliifunika kadi kwa kiganja. "Hapana, mzee. Naangalia tu."

Duane alishaona. Akamsogelea, akanong'ona, "Una pesa kiasi gani?"

"Dola tatu."

"Na unatetemeka hivyo? Akikuona atakwambia dola kumi. Izike kwenye lile boksi la chini. Tukirudi, unaichomoa kule kama umeiokota kule. Senti ishirini na tano, kwisha!"

"Lakini si itakuwa..."

"Itakuwa nini? Umeiba? Imetoka hapa mezani? Acha uoga wewe!"

Anko Walt alikuwa hatua arobaini kutoka hapo, na asingemnyima dola mbili. Marnie alilijua hilo. Lakini Duane alikuwa anamkazia macho, Mzee Pruitt alikuwa ameinama kumimina kahawa, na mkono wa Marnie ukafanya kazi kabla ya akili. Kadi ya Denny Sabo ikazama katikati ya mamia ya kadi zisizotakiwa na mtu. Hakuigeuza hata kuona nyuma. Hapakuwa na muda.

Wakazunguka gulio zima ili Mzee Pruitt awasahau. Wakala andazi la sukari. Wakatazama mtu akijaribu gitaa lenye nyuzi mbili. Waliporudi baada ya nusu saa, chini ya meza palikuwa na majani matupu.

"Mzee," Marnie alisema, na sauti ilimtoka nyembamba, "lile boksi lililokuwa hapa chini?"

"Lile la takataka? Hostetler amelichukua lote. Yule fundi seremala wa kule Canfield. Anatengeneza stuli, anazibandika kadi kwenye kikalio, anapaka vanishi juu. Watu wanazipenda kwa ajili ya baa zao za nyumbani." Akamtazama vizuri. "Kwani kulikuwa na kitu ulichokitaka mle?"

Ilikuwa mara ya pili kuulizwa asubuhi hiyo. Duane alimfinya mkono.

"Hapana, mzee," alisema Marnie.

Ndani ya gari, Duane aliwasha redio. "Usinune. Utapata nyingine."

"Nilitafuta miaka miwili, Duane."

"Mimi nilikwambia tu wanavyofanya watu. Sikukwambia mzee atauza boksi zima!"

Kuanzia Jumatatu Marnie hakuweza kula. Darasani alichora masikio pembezoni mwa daftari. Akifumba macho anamwona kijana yule chini ya giza la boksi, anabanwa na watu asiowajua, anasubiri kutolewa. Alikuwa amemshika mkononi! Wengine wamepotelewa na watu wao na hawawezi kufanya lolote. Yeye alimpata, kisha akamficha kwa mikono yake mwenyewe.

Mama yake alimpima joto mara tatu. "Ni zile soseji. Niambie ukweli, umekula zile soseji?"

"Sijala, Mama."

"Basi ni nini? Kuna mtu amekufanya kitu? Niambie, mwanangu, maana naona nitakufa kwa wasiwasi."

Alhamisi jioni, mbele ya sahani ya kabichi na tambi za kukaanga, Marnie alishindwa kuzuia.

"Mama, nilimwona Baba."

Uma wa Theresa ulisimama hewani. Marnie akaeleza yote, akilia, mpaka mwisho. Hakumtupia Duane lawama zote, ingawa alitamani.

Mama aliuweka uma chini. Kisha akauliza taratibu, "Masikio yalionekana?"

"Kama yangu."

Theresa alifunika mdomo kwa mkono. Alipoutoa, sauti yake ilikuwa imara. "Mzee amekuuliza mara ya kwanza, ukasema hapana. Akakuuliza mara ya pili, ukasema hapana. Chukua simu. Utampigia wewe, si mimi. Utamwambia ulichofanya na boksi lake, ndipo umuulize huyo seremala anakaa wapi."

Namba ya Mzee Pruitt walipewa na Anko Walt. Marnie alizungumza akiwa amesimama wima, kama yuko mbele ya mwalimu mkuu. Alipomaliza, alisikia kifuniko cha kahawa kikiwekwa mezani upande wa pili.

"Sabo," Mzee Pruitt alisema. "Yule wa mkono wa kushoto? Ni baba yako?"

"Ndiyo, mzee."

"Binti, mimi nauza kadi tangu mama yako hajazaliwa. Kila anayezika kadi kwenye maboksi yangu ananiibia, hata kama hajatoka nayo. Hilo ujue. Lakini kama ungefungua mdomo na kusema huyu ni baba yangu, ningekuwekea pembeni bila senti. Ungeondoka nayo siku ile ile." Akashusha pumzi. "Andika anwani. Na muwahi. Hostetler hajui kukaa bure."

Siku iliyofuata, Theresa alipotoka kazini, walikwenda Canfield. Karakana ya Bwana Hostetler ilinukia mbao na vanishi. Alikuwa mtu mrefu, mwenye vumbi la mbao mpaka kwenye nyusi. Alimsikiliza Marnie bila kumkatiza, kisha akawapeleka kwenye stuli sita zilizopangwa dirishani zikikauka.

"Lile boksi nilianza kulitumia Jumatano," alisema.

Marnie alipiga magoti, akapita stuli moja baada ya nyingine. Ya kwanza, hapana. Ya pili, hapana. Kwenye ya nne, karibu na ukingo, kati ya wanaume wawili wenye masharubu, alikuwepo. Kofia upande, jicho moja limefumbwa.

"Inaweza kutoka?" aliuliza.

Bwana Hostetler alipitisha ukucha kwenye pembe ya kadi, akatikisa kichwa. "Gundi imeshashika, na vanishi imeshakauka. Nikiichokoa itachanika uso. Kama mngekuja Jumatatu au Jumanne, ingekuwa bado kwenye boksi."

"Sikugeuza nyuma," Marnie alisema, kama anaongea peke yake. "Sijui nyuma paliandikwa nini. Niliharakisha kuificha."

Theresa alikuwa ameuweka mkono wake juu ya uso wa yule kijana, hauondoi.

Bwana Hostetler alikuna nyusi, vumbi likamwagika. "Stuli hii siiuzi tena. Lakini siwezi kutoa kazi yangu bure, na wewe huwezi kujifunza bure. Njoo Jumamosi mbili, unipigie msasa miguu ya stuli. Kisha uichukue."

Marnie alifanya Jumamosi tatu, maana ya kwanza aliharibu miguu miwili. Mikono ilimtoka malengelenge. Jumapili iliyofuata alimpelekea Mzee Pruitt dola tano, alizopata kwa kukata nyasi za jirani. Alidhani mzee angemrudishia. Mzee Pruitt alizipokea, akazikunja, akatia mfukoni.

"Sasa tuko sawa," akasema, akamsukumia boksi. "Pekua. Na ukiona kitu, sema."

Duane, aliyekuwa pembeni, alitazama viatu vyake.

Siku stuli ilipofika nyumbani, waliiweka jikoni, karibu na dirisha. Hakuna aliyeikalia. Theresa alikaa sakafuni kando yake, na Marnie akakaa upande wa pili.

"Nitakwambia nyuma paliandikwa nini," Mama alisema. "Nilisoma mara nyingi kabla sijaitia kwenye lile koti. Paliandikwa urefu wake, na walimwongezea inchi mbili, uongo mtupu. Paliandikwa anarusha kwa mkono wa kushoto. Halafu chini kabisa, kila mchezaji alitakiwa ataje anachokipenda. Wenzake waliandika magari, kuvua samaki. Yeye akaandika, supu ya mama yangu. Walimcheka msimu mzima."

Marnie alicheka, na machozi yakamtoka palepale.

"Mimi nimekuficha baba yako miaka minane," Theresa aliendelea. "Nilidhani nikinyamaza hutaumia. Kumbe nilikufundisha kutafuta kwa siri na kutaka kwa siri. Nilikosea. Lakini nawe sikiliza, mwanangu. Ukikitaka kitu mpaka mikono inatetemeka, mwambie mwenye nacho ukweli. Akikunyima, umekosa kitu kimoja. Ukidanganya, unaweza kukikosa hicho hicho, na juu yake ubaki na uongo wa kubeba. Na ukishakosea, sema siku ile ile. Wewe ulisubiri siku nne, na gundi haikukusubiri."

"Nimesikia, Mama."

Marnie akapitisha kidole juu ya vanishi. Ilikuwa laini na baridi, na baba yake alikuwa chini yake, karibu kabisa, akicheka na jua, na hapakuwa na namna ya kumgeuza. Akaegemeza kichwa kwenye ukingo wa stuli.

"Walimcheka," akasema. "Halafu yeye akawajibuje?"