Nani Mjamzito Kwenye Simu ya Giyanto?

Ilikuwa saa kumi na mbili asubuhi. Wuryani alikuwa jikoni anafunga tempe kwenye majani ya mgomba. Soya iliyochachuka haimsubiri mtu, na wateja wake wa sokoni Klaten hupenda kuja mapema. Mumewe, Giyanto, alikuwa anaoga. Simu ya Giyanto ililia mezani.

Wuryani alifuta mikono, akaitazama. Ilikuwa meseji kutoka duka la dawa la njia panda.

"Hongera, Mama! Umefika mwezi wa saba. Mtoto wako tumboni sasa anasikia sauti yako. Njoo ujipatie maziwa ya mama mjamzito kwa bei nafuu."

Aliisoma mara mbili. Yeye alikuwa na miaka arobaini na tisa. Mtoto wao mmoja, Ratri, alikuwa mtu mzima, anafanya kazi Semarang. Humo ndani hamkuwa na mjamzito, labda paka.

Giyanto alitoka bafuni anaimba.

"Leo una furaha, Baba Ratri," Wuryani alisema.

"Maji yalikuwa ya baridi vizuri."

"Hm. Na mwezi wa saba ni baridi pia?"

"Mwezi wa saba gani?"

Wuryani alimkata jicho, akarudi kwenye tempe zake. Siku hiyo alizifunga vibaya, nyingine zikafumuka njiani.

Tangu asubuhi hiyo, wivu ulimla mchana na usiku. Alinusa mashati ya mumewe kabla ya kuyafua. Giyanto akichelewa dakika kumi, alitaka kujua kila dakika ilikwenda wapi. Giyanto ni fundi wa pampu za maji, na pampu haziharibiki kwa ratiba. Lakini mtu mwenye wivu hajali habari za pampu.

Wiki iliyofuata simu ya Giyanto ililia tena, na mwenyewe alikuwa juu ya paa. Wuryani aliipokea. Sauti ya msichana ilikuwa laini kama siagi.

"Habari za mchana? Naomba kuongea na mama mtarajiwa. Tuna bima nzuri ya mtoto."

"Mama mtarajiwa ndiyo nani?"

"Mwenye namba hii, Bu," alijibu, akimwita mama kwa heshima. " Tumeipata kwa washirika wetu."

"Mwenye namba hii ana masharubu!"

Msichana alikata simu. Sasa hakuwa na shaka tena. Mumewe alikuwa na nyumba ndogo, na huko kulikuwa na mtoto njiani.

Mchana alimwekea Giyanto wali mtupu, bila sambal, ile pilipili ya kusaga.

"Sambal imekwisha?" Giyanto aliuliza.

"Kamwambie mke mwenzangu akusagie."

"Mke mwenza? Wewe, umepatwa na nini?"

Wuryani alimsukumia simu. Giyanto alisoma ile meseji. Masikio yakawa mekundu.

"Haya ni matangazo tu, Mama Ratri. Mimi huyaacha bila kuyasoma."

"Mbona masikio yamekuwa mekundu?"

Giyanto alivuta sahani karibu. Alikuwa na jambo la kusema, lakini aliona haya. Akala wali wake mtupu kimya. Kwa Wuryani, kimya hicho kilikuwa jibu tosha.

Kesho yake alikwenda duka la dawa. Alisimama kaunta, akataja namba ya mumewe.

"Nataka kuona kila kitu kilichonunuliwa kwa namba hii."

"Namba ni yako, Bu?" aliuliza binti wa kaunta.

"Ni ya mume wangu."

"Samahani. Taarifa hizo tunampa mwenye namba tu."

"Mimi ndiye mkewe! Nimemfulia miaka ishirini na tatu!"

"Naelewa, Bu. Hata hivyo siwezi."

Watu kwenye foleni walianza kutazamana. Wuryani aliondoka amevimba kwa hasira. Hata duka linamfichia siri, alijiambia. Alipofika nyumbani alitoa begi, akaanza kutia nguo. Angekwenda kwa kaka yake Wonogiri. Wala asingerudi.

Jirani yake, Bu Kismi, alikuja kuchukua tempe. Bu Kismi alifanya kazi kwenye shirika la kutetea wanunuzi. Aliliona begi.

"Safari ya wapi, dada?"

Wuryani aliangua kilio. Alimweleza yote: mwezi wa saba, sauti ya siagi, na yule binti mwenye roho mbaya.

Bu Kismi alivuta kigoda, akaketi.

"Yule binti hana roho mbaya. Amefanya kazi yake sawasawa."

"Kwa hiyo na wewe uko upande wao?"

"Nisikilize. Vitu anavyonunua mtu, namba yake, anapoishi, hizo ni taarifa zake. Duka linazitunza, lakini mwenyewe ni yeye. Mume hapewi za mke. Mke hapewi za mume. Ungependa Giyanto aende pale aulize umenunua nini?"

Wuryani alifikiria. Nywele zake zilikuwa na weusi ambao haukutoka kwa Mungu. Giyanto hakujua.

"Hapana," alisema taratibu.

"Basi. Lakini Giyanto mwenyewe akiomba, lazima wamwonyeshe. Kwa sheria yetu wana siku tatu. Ana haki ya kujua wameandika nini juu yake, na wamempa nani mwingine. Pakiwa na kosa, wasahihishe. Akisema meseji zikome, zikome. Akitaka zifutwe, anaweza kuomba."

"Na wakikataa?"

"Ndiyo maana aombe kwa maandishi, aweke tarehe na nakala. Wakikataa au wakinyamaza, tunapeleka malalamiko serikalini. Sasa toa nguo kwenye begi. Siku tatu si nyingi."

Giyanto aliporudi, Bu Kismi alimweleza. Giyanto alijikuna kichwa.

"Lazima kweli?"

"Unaona!" Wuryani aliruka. "Anaogopa!"

"Siogopi. Naandika."

Aliandika kwenye meza ya jikoni, na mkewe amesimama nyuma ya bega lake. "Mimi Giyanto, mwenye namba hii, naomba nakala ya taarifa zangu zote. Naomba kujua mmezipata wapi na mmempa nani." Alitia tarehe. Wakaipiga picha barua, wakaituma kwa anwani ya barua pepe iliyokuwa kwenye tovuti ya duka. Wuryani aliwaza kwamba mwandiko wa mumewe ni wa mtu mwenye makosa.

Siku tatu zile zilikuwa ndefu. Wuryani hakulala vizuri. Akifumba macho, anamwona mwanamke kijana, tumbo mbele, anakunywa maziwa kwa jasho la Giyanto. Alimchukia mwanamke huyo mpaka vidole vya miguu.

Siku ya tatu jibu lilikuja. Giyanto alimwita Bu Kismi aje. Kisha alimpa mkewe simu.

"Soma wewe," alisema. "Nimekuruhusu."

Wuryani alisoma kwa sauti. "Maziwa ya mama mjamzito, mara tano." Alimtazama mumewe kwa jicho kali. "Rangi ya mdomo, nyekundu. Nyekundu, Baba Ratri!"

"Endelea," Bu Kismi alisema.

"Dawa ya kusafishia meno bandia. Nepi za wazee. Losheni ya mtoto mchanga. Dawa ya chawa."

Alirudia mstari ule wa meno.

"Mke mwenza gani huyu?" Bu Kismi aliuliza. "Ana mimba, ana meno bandia, na chawa pia?"

"Tazama saa," Giyanto alisema kwa sauti ndogo. "Dawa za presha za mama yangu, saa nne na dakika kumi. Hizo nimenunua mimi. Maziwa, saa nne na dakika kumi na mbili. Ni mtu aliyekuwa nyuma yangu."

"Sasa mtu wa nyuma ananunuaje kwa namba yako?" Wuryani aliuliza.

"Wanaazima. Binti anauliza, 'Una namba ya uanachama?' Mtu hana. Ananigeukia, 'Mas, kaka yangu, naomba namba yako nipate punguzo.' Naona haya kukataa. Halafu pointi zinaingia kwangu. Nilikuwa nazikusanya nipate feni." Aliinamisha kichwa. "Mwanamume mzima nahesabu pointi za feni. Niliona aibu kusema."

Wuryani aliweka simu mezani. Foleni ile aliijua. Mchezo wa kuazimana namba aliujua. Yeye mwenyewe alikuwa amewaazimisha watu wangapi namba yake?

Bu Kismi aliichukua simu, akasoma mwisho. "Sikilizeni duka lilivyomwandika kutokana na vitu hivyo. 'Mteja: mwanamke. Hali: mjamzito, miezi saba. Taarifa zimetolewa kwa kampuni ya bima ya watoto.'"

"Wamenifanya mwanamke?" Giyanto alishika masharubu yake.

Wuryani alijaribu kujizuia, akashindwa. Alicheka mpaka akakaa chini. "Kumbe mke mwenza wangu ni wewe!"

Siku hiyohiyo Giyanto aliandika tena. Aliomba wasahihishe makosa, wafute yasiyo yake, wakomeshe meseji, na waiambie kampuni ya bima iache kumpigia. Walimjibu, wakatekeleza. Pointi za watu wengine zilifutwa pia, na feni ikaondoka nazo. Giyanto alisikitika kidogo. Sasa akiombwa namba kwenye foleni, anasema, "Samahani, hii ni yangu peke yangu." Mara ya kwanza sauti ilimkwama. Mara ya pili ilitoka.

Wuryani naye aliomba nakala ya taarifa zake. Jibu lilikuja wakiwa wanakunywa chai. Alisoma peke yake, akatabasamu.

"Wameandika nini?" Giyanto aliuliza.

"Mambo yangu."

"Mimi nilikupa usome yangu."

"Ulinipa mwenyewe. Sikukulazimisha."

Giyanto alisogeza kikombe. Alitazama ukuta. Alimtazama mkewe, ambaye bado alikuwa anatabasamu. "Kuna nini humo cha kuchekesha hivyo?"

Chai ya Giyanto ilipoa bila kunywewa. Wuryani aliyajua maumivu hayo vizuri. Alikuwa ameishi nayo karibu wiki mbili. Alimsogezea simu.

"Haya, soma. Huna haki ya kuidai. Nimetaka mwenyewe."

Giyanto alisoma polepole, kidole chini ya kila mstari. Rangi nyeusi ya nywele aliipita bila neno. Kisha kidole kikasimama.

"Nyembe za kunyolea ndevu, mara nne," alisema. "Marashi ya kiume." Aliinua uso, masikio mekundu. "Mama Ratri. Huyu mwanamume ni nani?"