Kisima Chekundu na Unga wa Manjano

Asubuhi hiyo ya Julai, ukungu ulifunika Waithaka hata majogoo wakachelewa kuwika. Namalwa alitumbukiza ndoo kisimani, akavuta kamba. Ndoo ilipanda polepole. Maji yalikuwa mekundu.

Mumewe, Zedekiah, ambaye hata panya huwakemea kwa maombi, alichungulia akaruka nyuma.

"Mama Quincy, hii ni damu!"

"Damu ya nani? Kwani kisima kimechinjwa?"

Alitania, lakini maji aliyamwaga yote. Kila siku maji yalizidi kuiva. Kuku walizurura na midomo myekundu. Majirani walipita mbali, wakinong'ona.

Mwenye ploti walimopanga, Mzee Ndegwa, akaja. Aliangalia nguo za mitumba kwenye kamba. Kazi ya Namalwa ilikuwa kuzitia rangi upya zilizopauka.

"Maji ya rangi unamwaga wapi?"

"Kwa shimo, hapo nyuma."

Shimo lilikuwa karibu kabisa na kisima.

"Basi damu ni yako. Usipopata pa kuyapeleka hayo maji, uhame."

Namalwa alikosa usingizi. Kazi hiyo ndiyo iliyolisha nyumba.

Jaspreet, mteja wake, alikuja kuchukua koti. Yeye ni mkemia katika maabara ya mjini. Alisikiliza yote.

"Fukia shimo leo, Mama Quincy. Maji ya rangi yaweke kwenye beseni. Nitakuletea unga wa titani dioksidi, ule unaofanya rangi ya ukuta iwe nyeupe."

Waliukoroga ndani ya beseni, wakaliacha uani. Jioni maji yalikuwa mekundu vilevile.

"Dada, unga wako umelala," Namalwa akasema.

"Kweli. Huo mweupe huamshwa na miale ya urujuanimno, ile ya jua ambayo jicho halioni. Julai hii mawingu yametuachia kidogo mno."

Jaspreet alirudi na unga mwingine, wa manjano hafifu.

"Ni uleule. Ila tumeuchanganya na nitrojeni kidogo, tukauoka kwenye tanuri ya maabara. Sasa unaamshwa hata na mwanga wa kawaida, huu tunaoonea njia."

"Nitrojeni kidogo tu?"

"Kidogo. Ukizidisha, unaharibu."

Waliukoroga, wakakaa. Hakuna aliyegusa beseni. Upepo ulitulia. Chini ya mawingu ya kijivu, wekundu ulianza kufifia wenyewe, kama uso unaozama. Ukawa waridi. Kisha ukatoweka. Namalwa aliinama akachungulia ndani.

"Rangi imeenda wapi?" Zedekiah alinong'ona.

"Mwanga umeamsha unga. Unga umefanya oksijeni ya majini kuwa kali, nayo imerarua rangi vipande vidogo mno. Lakini msiyanywe! Unga ukitulia chini, nitayapima kabla hamjamwaga. Huo unga mtautumia tena."

Maji ya kisima waliyateka mara nyingi, wakiyatibu vivyo hivyo, hadi yakaja safi na maabara ikayakubali. Hata hivyo, ya kunywa waliendelea kuchemsha. Kuku wakarudi kuwa kuku.

Mzee Ndegwa alikuja kukagua. Alikuta mabeseni yamepangwa uani, rangi ikiyatoka kimyakimya. Alivua kofia, akarudi nyuma hatua moja.

"Kaa, Mama Quincy. Huhami. Lakini nikija tena, uyafunike hayo. Naona kama yananiangalia."