Kitanzi cha Haika

Haika alikuwa mpishi wa shule ya chekechea huko Woolwich, ughaibuni. Mumewe, Godson, aliendesha basi. Walikuwa na miaka sita ya ndoa, na mtoto hawajapata.

Mwaka huo hedhi ya Haika ilivurugika. Miezi mitatu ilipita bila damu, kisha damu ikatoka wiki tatu mfululizo. Aliacha kuimba kwaya kwa kuogopa kuchafua nguo mbele za watu. Godson alipouliza, alimjibu kwamba ni uchovu wa kazi tu.

Jumamosi moja Nazneen, jirani yao wa ghorofa ya juu, alimkuta amekaa kwenye ngazi akihema. Nazneen alikuwa muuguzi kutoka Mombasa. Alimuuliza taratibu mpaka Haika akasema yote. Nazneen akamwambia damu ya namna hiyo si ya kuvumilia, aende kwa daktari.

Hospitalini walichukua kipande kidogo cha utando wa ndani wa mfuko wa uzazi, wakakipima. Majibu yalipotoka, Daktari Ravinder aliwaita mume na mke. Akawaeleza kwamba haikuwa saratani. Lakini utando ulikuwa umenenepa, na baadhi ya chembe zake zimeanza kubadilika. Zikiachwa, zingeweza kuwa saratani. Kwa kawaida wanashauri kuondoa mfuko wa uzazi.

Godson akasema, "Daktari, sisi bado tunatafuta mtoto."

Daktari akasema iko njia ya homoni, kwa mgonjwa atakayekubali kupimwa mara kwa mara. Angewekewa kitanzi chenye homoni ndani ya mfuko wa uzazi.

Jioni Haika alipanda kwa Nazneen amekasirika. "Mimi natafuta mtoto, wao wananipa kitanzi cha kuzuia mimba?"

Nazneen akacheka kidogo, akammiminia chai. "Kitanzi ni kile kile, dadangu, lakini kwako ni dawa. Mwilini mna homoni inayonenepesha utando, na nyingine inayouzuia usizidi. Kwako ya kwanza inafanya kazi peke yake. Kitanzi kinatoa ile ya pili, pale pale penye ugonjwa. Ukipona, wanakitoa. Lakini dawa hii haiwaponyi wote, kwa hiyo usikose kipimo hata kimoja."

Haika akakubali kuwekewa kitanzi, na kipimo hakukosa. Kila miezi mitatu alikwenda, na Godson aliomba ruhusa kazini amsindikize. Jioni walitembea kando ya mto ili Haika apunguze uzito, kwa kuwa daktari alisema unene huongeza ile homoni inayonenepesha utando. Damu ikapungua, akarudi kwenye kwaya. Kipimo cha kwanza kilionyesha nafuu. Cha pili kilikuwa safi. Cha tatu pia. Siku ile Godson alimkumbatia Daktari Ravinder kabla hajamaliza kusoma majibu.

Kitanzi kikatolewa. Daktari akawakumbusha kwamba ugonjwa unaweza kurudi, hivyo wasichelewe kutafuta mtoto, na vipimo viendelee.

Mwezi wa Mei mwaka uliofuata alizaliwa binti, kilo tatu na nusu, mwenye sauti kubwa. Nyumba ilijaa wageni, pilau na vicheko. Mtoto alipotimiza wiki sita, Haika alimlaza kifuani, akapiga simu hospitalini kuuliza tarehe ya kipimo chake kinachofuata.