Diski Yenye Joto

Diski ilikuwa na joto kabla haijachomekwa umeme. Mideva, fundi wa kompyuta, aliigeuza mkononi, akadhani labda ilianikwa juani kibandani kwa Muoki, muuza vyuma vikuukuu aliyemuuzia asubuhi hiyo. Lakini ulikuwa mwezi wa Julai, na jua halikuwa limeonekana Makongeni kwa siku nne.

Kazi ilikuwa ya Madam Kalekye, mwenye chuo cha kompyuta cha vyumba viwili, ghorofani, kando ya Barabara ya Jogoo. Mwaka huo wa 1999 kila chuo cha mtaani kilifundisha Windows. Kalekye alitaka chake kifundishe na Linux pia, mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta, zote mbili katika mashine moja, mwanafunzi akiiwasha achague anayoitaka. Windows ilikuwa imekwisha kukaa kwenye diski ya kawaida. Linux ingekaa kwenye hii ya pili, ya aina ya skazi, zile diski nzito za ofisi kubwa zenye waya mpana na kadi yake ya pekee. Mafahali wawili hawakai zizi moja, na mafundi wengi walikuwa wamejaribu kuwakalisha hawa wakashindwa. Mideva hakuwa mtu wa kushindwa.

Mashine haiitambui skazi mpaka ipewe namba, na namba hupangwa kwa vipini vidogo vilivyo chini yake. Juu ya vipini hivyo palibandikwa karatasi kuukuu, imejaa herufi za Kiarabu zilizosongamana kama siafu. Mideva, Mmaragoli aliyelelewa kwenye kwaya ya kanisa, hakuweza kuzisoma. Akaikwangua karatasi kwa bisibisi. Ikatoka harufu ya udongo uliofukuliwa.

"Nini hiyo inanuka?" Kalekye aliuliza akiwa mlangoni.

"Vumbi tu, Madam. Nipe saa moja."

Saa nane mchana akaiwasha. Programu inayoamsha Linux huandika jina lake, LILO, herufi moja moja, na ikikwama, herufi zilizotoka humwonyesha fundi ugonjwa ulipo. Iliandika L. Ikaandika I. Ikasimama. Mideva hakushtuka. LI maana yake mashine inaihesabu diski vibaya, inatafuta kitu mahali kisipokuwepo. Akazima, akaipanga skazi itangulie, akawasha. LI. Akabadilisha waya. LI.

Mara ya nne, baada ya LI, polepole kama mtu anayeandika kwa kidole kimoja, ikatokea A.

LIA.

Nyuma yake akasikia kwikwi. Kalekye, aliyemzika mumewe kule Machakos bila watu kumwona chozi, alikuwa ameuegemea ukuta, machozi yanamtiririka hadi shingoni.

"Madam, kuna nini?"

"Sijui," Kalekye alinong'ona. "Mideva, si mimi ninayelia."

Mideva akachomoa waya wa umeme ukutani, na kioo hakikuzimika. Diski iliendelea kuzunguka, ikivuta pumzi na kuishusha kama mtu aliyelala chali, na ile orodha ya kuchagulia, ambayo ilipaswa kuwa na majina mawili tu, Windows na Linux, ikatokea ikiwa na jina la tatu, KALEKYE, na kando yake sekunde zikihesabiwa kurudi nyuma, kumi, tisa, nane, Mideva akibonyeza kila kitufe alichokijua na asichokijua, na hakuna hata kimoja kilichosikia, mpaka hesabu ikaisha.

Kwikwi zikakatika.

"Chumba kizuri," Kalekye akasema kwa sauti ya kiume, kavu. "Kule nilibanwa sana."

Tangu hapo mwili ule ukawa na wenyewe wawili. Asubuhi aliamka Kalekye mwenyewe, akaomba chai, hakumbuki kitu. Kisha katikati ya neno kichwa kilimwanguka kifuani, akanyamaza kwa muda ule ule ambao kompyuta huchukua kuzimika na kuwaka tena, na aliyeinua kichwa alikuwa yule mwingine. Huyo alikula unga mbichi kwa viganja. Mchungaji alipokuja kuomba, alimng'ata mkono hadi mfupa. Wanafunzi aliwatajia majina ya maiti wao, mmoja mmoja, hadi chuo kikabaki viti. Siku ya pili alikuja saa tano. Siku ya tatu alikuja saa tatu asubuhi, chai ikiwa bado moto, na Mideva akaelewa kwamba kesho au kesho kutwa Kalekye hatakuwa na asubuhi.

Alimkimbilia Muoki.

"Ilitoka wapi?"

Muoki hakumtazama usoni. "Kiwanda cha kuchapisha, kilifungwa. Kuna jamaa alikufia hapo kwa hiyo mashine. Wakamwita mzee fulani wa Eastleigh, Mzee Samatar, ndiye akamfunga jini humo kwa ile karatasi. Waliambiwa waizike."

"Na wewe ukaniuzia?"

"Ilikuwa imefungwa, Mideva! Nani alikutuma uifungue?"

Siku ya nne, alfajiri, Mideva akamwendea Mzee Samatar, wakarudi pamoja. Alikuwa mzee mfupi, mwenye hasira, akichechemea, kitabu chake kimefungwa kwa kitambaa cheupe. Aliitazama diski, akapitisha kidole pale bisibisi ilipokwangua.

"Nilikaa naye siku arobaini," akasema. "Wewe ulitumia dakika ngapi?"

"Mzee, nisamehe. Nilitaka kuona vipini."

"Kutubu utatubu baadaye. Alitokea mlango huu, atarudia mlango huu. Mimi nitamsukuma. Kazi yako ni kuufungua."

Mideva akaing'oa ile diski ya kawaida ili yule jini asibaki na pa kujificha, akaiacha skazi peke yake, akaipa namba yake upya. Kalekye alikuwa kitini, amefungwa kwa leso mbili, na kichwa kimekwisha kuanguka kifuani ingawa ilikuwa saa mbili tu. Mzee akaanza kusoma. Mideva akawasha.

L. I. L. O.

Ilipita. Kwa mara ya kwanza ilipita, naye akataka kupiga kelele za furaha, lakini orodha iliyofuata ilikuwa na majina mawili, KALEKYE na MIDEVA, na chini yake nafasi tupu ambapo fundi akitaka huandika jina mwenyewe, na hesabu imeshaanza.

"Mzee, kuna majina! Langu liko!"

Mzee hakuweza kukatiza kisomo. Alitikisa kichwa kwa nguvu, akampungia mkono: usichague, usiguse. Lakini yeye hakuijua mashine, na Mideva aliijua. Alijua kwamba ukikaa bila kuchagua inakuchagulia, na sasa mwanga ulikuwa unashuka wenyewe kutoka kwenye jina la Kalekye ukija kwenye lake, harufu ya udongo imejaa kooni mwake, machozi asiyoyaita yameanza kumtoka, na kule kitini kile kitu kikicheka kwa mdomo wa Kalekye na kusema, njoo basi fundi, njoo, na hesabu ni nne, ni tatu, na vidole vyake, havikungoja aviambie, vikaandika kwenye ile nafasi tupu herufi saba.

SAMATAR.

Akabonyeza.

Kisomo kikakatika katikati ya aya. Diski ikasimama, na Mideva alipoigusa ilikuwa baridi kama jiwe la mtoni.

"Mbona mmenifunga?" Kalekye aliuliza kwa sauti yake mwenyewe, akitazama leso. "Mideva, hebu nifungue. Na huyu mgeni hajapewa hata chai?"

Mzee alikuwa amesimama wima. Kitabu kilikuwa kimemponyoka. Alikiruka bila kukitazama, akaenda dirishani, na hakuchechemea.

"Mzee?" Mideva akasema. "Mzee, nilikuwa naogopa."

"Najua." Ilikuwa ile sauti kavu. Akaikunja mikono ya mzee na kuikunjua, akijaribu viungo. "Umefanya vizuri. Huyu anakaa mtaa gani?"

Alfajiri Mideva alikuwa amesimama kwenye kizingiti cha nyumba ya mzee, akahesabu jozi saba za viatu vya watoto.

"Naweza kubaki hapa, kama hutaki kusema," ile sauti ikaongeza, taratibu, ikimgeukia.

Mideva akamtajia barabara. Akamtajia rangi ya jengo na ghorofa. Akamwambia hata kwamba mchana mlango huwa haufungwi.